Maduka ya vitambaa yanapopungua: Mwongozo kwa mshonaji wa nyumbani

Katika miji mingi nchini, duka lililokuwa likiuza vitambaa kwa mita sasa linauza simu, viatu au nguo zilizoshonwa tayari. Mkazi anayeshona nyumbani na kutaka mita 2 za poplini, au kitambaa cha mirabaraba cha sare ya shule, hulazimika kupanda matatu hadi mji mkubwa. Nauli hula faida aliyotarajia. Hasara haiishii kwake. Mzazi hukosa fundi wa karibu wa kumshonea mtoto sare kwa bei nafuu, na cherehani iliyokuwa ikilipa karo huwekwa pembeni ya nyumba ikishika vumbi.

Makala haya yanaeleza sababu za hali hiyo, kisha yanaonyesha hatua ambazo mshonaji anaweza kuchukua ili kazi isisimame.

Kwa nini maduka yamepungua

Hadi miaka ya 1980, viwanda vya nguo vilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa nchini. Pamba ya wakulima ilisokotwa, ikafumwa na kutiwa rangi katika viwanda kama KICOMI mjini Kisumu na Rivatex mjini Eldoret. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba na nguo za bei ya chini kutoka nje ziliingia kwa wingi. Viwanda vingi vilifungwa au kupunguza kazi, na KICOMI ni mojawapo ya vilivyofungwa. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007, na baada ya kuwekewa mashine mpya ikazinduliwa upya mwaka wa 2019.

Tangu mwaka wa 2000, sheria ya Marekani iitwayo AGOA iliruhusu nguo kutoka Kenya kuingia katika soko la nchi hiyo bila ushuru. Viwanda vya maeneo ya kuuza bidhaa nje, kama vile Athi River, vilipata kazi nyingi. Hata hivyo, nguo hizo hushonewa wanunuzi wa ng'ambo. Hazimfikishii mshonaji wa kijijini kitambaa cha kukata.

Kwa mwenye duka, hesabu ni nyepesi. Jora la kitambaa hufunga fedha nyingi kwa miezi kadhaa likisubiri wateja wa mita moja moja. Nguo iliyo tayari hutoka siku hiyo hiyo. Kwa hiyo duka huacha kuagiza vitambaa, na mshonaji huacha kulitembelea kwa kuwa hakuna cha kununua. Kuelewa hesabu hii ndiko kunakoonyesha njia ya kutoka.

Nunueni pamoja

Tuseme nauli ya kwenda na kurudi mji mkubwa ni Sh600. Mshonaji anayekwenda peke yake kununua mita 3 hubeba gharama ya Sh200 za nauli kwa kila mita, kabla hata ya bei ya kitambaa. Washonaji 10 wakimtuma mwenzao mmoja anunue jora la mita 30, nauli hiyo hiyo hugawanywa kuwa Sh20 kwa kila mita. Anayehitaji mita 3 huokoa Sh540, fedha zinazotosha kununua uzi, zipu na vifungo. Aidha, bei ya jora zima kwa kawaida huwa chini kuliko ya kukatiwa mita.

Kununua jora moja kuna faida nyingine kwa wanaoshona sare. Majora mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana kidogo kwa sababu hayakutiwa rangi siku moja. Sketi ikikatwa kutoka jora moja na kiraka cha mfuko kutoka jingine, tofauti huonekana juani.

Kikundi kinaweza pia kumwendea mwenye duka aliyebaki karibu na kumwambia: tunahitaji mita 30 za kitambaa hiki kabla ya shule kufunguliwa, na hii hapa amana. Duka lililoacha kuagiza kwa kuogopa hasara huwa na sababu ya kuagiza tena.

Chama kinachotaka kufanya hivyo kwa utaratibu kinaweza kujisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022, inayohitaji wanachama wasiopungua 10. Usajili husaidia kufungua akaunti ya benki na kuweka kanuni za fedha, ili amana ya watu 10 isikae katika simu ya mtu mmoja.

Fahamu upana kabla ya kuuliza bei

Kitambaa cha bei ya chini kwa mita si lazima kiwe nafuu. Vitambaa vingi huja kwa upana wa sentimita 115 au 150. Mita 2.5 za upana wa sentimita 115 zina eneo linalokaribiana na mita 1.9 za upana wa sentimita 150. Kwa hiyo, uliza upana kwanza, kisha linganisha bei.

Uliza pia kama muuzaji anapima kwa mita au kwa yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44. Anayelipia mita 10 na kupimiwa yadi 10 hupoteza karibu sentimita 86, kitambaa kinachotosha blauzi ya mtoto mdogo. Kitenge cha yadi 6 kina urefu wa mita 5.5 hivi. Mteja akileta kitenge chake, kipime mbele yake kabla ya kukubali mtindo anaoutaka.

Mitumba kama kitambaa

Soko la mitumba, lililochangia kufunga maduka, linaweza pia kumpa mshonaji malighafi. Tafuta vitu vyenye eneo kubwa: mashuka, mapazia, vitambaa vya meza na magauni mapana. Shuka yenye upana wa sentimita 220 na urefu wa sentimita 240 ina eneo sawa na takriban mita 3.5 za kitambaa cha upana wa sentimita 150.

Kabla ya kulipa, inua kitambaa kuelekea mwangaza. Sehemu iliyochakaa hupitisha mwanga zaidi, na mashuka huchakaa katikati kwanza. Kisha vuta kwa mikono miwili kwa upana na kwa urefu. Kikitoa sauti ya kuchanika au nyuzi zikiachana, kiache. Nguo iliyochakaa haifai kushonwa upya, lakini zipu, vifungo, mpira wa kiuno na bitana vyake vinaweza kutolewa na kutumika tena.

Jaribio la moto

Kitambaa cha mitumba mara nyingi hakina lebo, na muuzaji huenda asijue kimetengenezwa kwa nini. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani yenye maji, mbali na watoto na vitambaa vingine, kisha ziwashe.

Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Kitambaa kilichochanganywa huonyesha dalili zaidi ya moja.

Matokeo haya huamua kazi inayofuata. Pamba huhimili pasi ya moto lakini hunywea inapooshwa. Poliesta hainywei sana lakini huharibiwa na pasi ya moto mkali.

Osha kabla ya kukata

Kata kipande cha mraba cha sentimita 20 kwa 20, kioshe kama nguo itakavyooshwa, kikauke, kisha ukipime. Kikirudi sentimita 19, kimenywea kwa asilimia 5. Katika mita 3, hiyo ni sentimita 15. Sare iliyoshonwa bila kuzingatia jambo hili humbana mtoto kabla ya muhula kwisha, na mzazi hamrudii fundi huyo.

Panga vipande vyote juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi. Vipande vikubwa vitangulie, kola na mifuko ikae katika nafasi zinazobaki. Kitambaa cha mirabaraba huhitaji nyongeza kidogo ili mistari ilingane kwenye mishono.

Kununua kupitia simu

Wauzaji wengi wa vitambaa sasa hupokea oda kwa simu. Omba picha iliyopigwa mchana nje ya duka, upana kwa sentimita, na kipande kidogo cha sampuli kabla ya oda kubwa. Panga kulipa baada ya kupokea na kupima. Hifadhi ujumbe wa malipo na mazungumzo yote.

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hizo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya mwaka wa 2012 inafafanua haki hizo. Mkazi anayeshuku kwamba amepunjwa kipimo sokoni anaweza kupeleka malalamishi kwa maafisa wa mizani na vipimo katika idara ya biashara ya kaunti yake, akiwa na risiti na kitambaa chenyewe.

Ujuzi usipotee

Jedwali la 4 la Katiba linaweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani chini ya serikali za kaunti. Mkazi anayetaka kujifunza ushonaji, au kuongeza ujuzi wa kupanga na kukata, anashauriwa kuulizia kozi hizo katika chuo kilicho karibu au ofisi ya wadi.

Zoezi kwa kikundi

1. Kila mwanachama aandike aina na kiasi cha kitambaa anachohitaji kwa miezi 3 ijayo. Jumlisheni kwa kila aina.

2. Aina ipi inafikia jora moja? Pigeni hesabu ya nauli kwa kila mita mkinunua pamoja, kisha mlinganishe na gharama ya kila mtu kwenda peke yake.

3. Pelekeni orodha hiyo kwa maduka 2 ya karibu kabla ya kupanda matatu. Muulizeni kila mwenye duka bei, upana, amana anayotaka na siku atakayoleta kitambaa.