Kusoma mtandaoni ukiwa Tabora: omba sauti, video waachie wa mjini

Mwalimu alikuwa ameshachora duara, ameshapanga pembe zake, kafika pale pa "kwa hiyo jibu letu ni", picha ikaganda. Mdogo wangu alitoka mbio na simu, akainyanyua juu ya ua wa michongoma kutafuta mtandao, na uliporudi alikuta wenzake wanaagana. Bando la wiki likaishia hapo. Ada ya mwezi mzima tulikuwa tumeshalipa. Nikampigia mwenye kituo cha masomo hayo huko Dar es Salaam, akanijibu, "Dada, tatizo liko huko huko kwenu." Jibu hilo limenikaa rohoni mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike.

Mdogo wangu anaishi Sikonge na anasomea mtihani wa kidato cha nne. Alikatisha shule kwa ujauzito, enzi ambazo binti wa namna hiyo alikuwa harudishwi darasani. Serikali ilipotangaza Novemba 2021 kwamba wanaruhusiwa kurudi, yeye alishakuwa na mtoto wa kulea na genge la kuangalia. Kwa mtu kama huyu masomo ya mtandaoni ni mlango hasa. Hapangi chumba mjini, halipi nauli kila siku, anasoma mtoto akishalala, na asipoelewa anarudia hata mara kumi bila kuogopa kuchekwa. Anayesema masomo haya ni ya watoto wa kitajiri hajakaa na mama anayesoma usiku. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992, na watumishi wengi wa mikoani wamepata digrii zao bila kuacha kazi. Kusoma mbali na mwalimu si jambo geni kwetu.

Hasara nazo zipo: bando, umeme, upweke, na kukosa wa kumuuliza papo hapo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona tuliziona zote. Mwenye simu nzuri na bando alisonga mbele, asiye navyo akabaki na redio mpaka shule zilipofunguliwa tena mwishoni mwa Juni.

Sasa hatua. Kuchaji simu mapema na kutafuta pa utulivu unajua mwenyewe. Simu, nunua kwa kuangalia betri. Muuzaji atakusifia kamera, mwache aseme. Tecno yangu inakaa na chaji siku nzima, na kwa mwanafunzi wa huku hiyo ndiyo sifa ya kwanza. Hedifoni zinazotembezwa kwenye sinia pale stendi usinunue, sikio moja hufa kabla ya mwezi. Nenda duka lenye risiti.

Hatua kubwa ni hii: kataa video, omba sauti na picha. Kile kituo cha Dar kiligoma, wakasema wao ni darasa la kisasa. Nikampata mwalimu wa hesabu Nzega, mtu mwenye subira, tukakubaliana hivi. Anaandika somo kwenye karatasi, kila hatua ina namba. Anaipiga picha, halafu anarekodi sauti fupi fupi kwa WhatsApp, kila namba na sauti yake, na kila sauti inaanza kwa kuitaja namba hiyo. Somo la nusu saa kwa njia hii halifikii uzito wa video ya dakika chache.

Ila sauti za kwanza hazikufaa. Mwalimu alizoea ubao, kwa hiyo alikuwa akisema "ukichukua hii ukaleta hapa", na mdogo wangu kule anabaki kujiuliza hii ipi, hapa wapi. Nikamwomba kwa heshima, "Mwalimu, naomba neno 'hapa' tuliache kabisa. Sema upande AB, sema pembe ya O." Ilimchukua muda, lakini alipozoea, somo likanyooka. Mdogo wangu akawa anafumba macho, anasikiliza, anachora mwenyewe kwenye daftari, kisha ndipo anafungua picha kulinganisha. Kwenye video hakuwahi kuchora. Alikuwa anatazama tu.

Na picha itumwe kama faili, isitumwe kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha, na kwenye hesabu hilo ni janga: kipeo cha 2 na cha 3 vinafanana, alama ya kutoa inapotea. Tulipoteza jioni nzima tukibishana na swali ambalo kumbe halikuwa na kosa lolote.

Mtandao wa Sikonge ukisumbua, napakua mimi hapa Tabora mjini, naweka kwenye kadi ya kumbukumbu, naifunga kwenye bahasha na kumpa kondakta wa basi. Sisi wa Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara, tunajua kusubiri vitu vya pwani. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, Livingstone alikaa toka Machi hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi ambao Stanley alikwenda kumtafutia Unguja. Somo linalofika kwa basi la jioni halijachelewa, mradi limefika zima.

Kadi hiyo ndiyo iliyoondoa upweke. Jirani aliiona, akaomba kunakili, akaja na mwenzake. Sasa wanasikiliza pamoja, simu katikati ya mkeka, wanasimamisha sauti kila wakibishana. Siku mdogo wangu aliponitumia swali la tanjenti amelifanya lote, njia na jibu, nilipiga kigelegele dukani mbele ya wateja.

Kemia ya vitendo haiingii humo. Kushika bomba la vipimo na kuiona rangi inavyogeuka kwa tone moja, sauti haiwezi kukufundisha. Kwa hilo anakuja mjini Jumamosi, tunamlipa mwalimu mwenye maabara.

Nilikusudia kueleza pia namna ya kuchagua kituo, lakini swali moja linatosha kabla ya kutoa fedha: kipindi kikikatika, mwanafunzi anapata nini? Wakisema rekodi ipo, uliza ina MB ngapi. Wiki iliyopita niliwauliza wengine hivyo, wakaniambia niwape muda waulizie. Wakishanijibu ndipo nitajua kama nilipe.