Mawe Yaliyo Hai Baharini Kwetu

Wengi katika sisi tuliozaliwa Malindi, Watamu na Kilifi twayahesabu matumbawe kuwa ni mawe, na maji ya bamvua yakitoka huyakanyaga kama tukanyagavyo changarawe. Hilo ni kosa. Tumbawe ni kundi la wanyama: kila kitundu ni nyumba ya chokaa ya kiumbe mdogo laini, na wanaokuja nyuma hujenga juu ya nyumba za waliokufa. Mawe yaliyojengewa msikiti wa Gedi ni kazi ya viumbe hawa.

Suala: Je, mwamba wetu umetokana na moto wa ardhi?

Jawabu: La. Hayo ni ya Ngazija, ambako mlima Karthala ungali hai, na matumbawe yameshika juu ya mawe meusi ya volkano. Wetu umesimama juu ya matumbawe ya kale.

Atakaye kuyaona na aende wakati wa kaskazi. Mvua zikinyesha, mto Sabaki humwaga udongo na maji ya Malindi hugeuka mekundu. Watamu, iliyo mbali na mlango wa mto, husalimika zaidi. Huko atamwona chewa pangoni, na pono akiyatafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga mweupe, huo tuusifuo ufukweni.

Mwenye kuzama na mtungi wa hewa, chombo walichokitengeneza Cousteau na Gagnan huko Ufaransa mwaka 1943, na aache mazoea ya wazee wetu ya kuzuia pumzi. Mzee alishuka na hewa ya juu, akarudi nayo salama. Huyu avuta hewa iliyokazwa: penye mita 10 mkazo ni maradufu ya ule wa juu, na akipanda hali amefunga pumzi, hewa hutanuka ikampasua pafu.

Mwaka 1968 sehemu za Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi, uvuvi ukakatazwa ndani yake. Lakini joto halina mpaka. Mwaka 1998 bahari ilipata moto kupita kiasi, matumbawe yakaitoa mimea midogo iyalishayo, yakapauka, na mengi yakafa. Hata hivyo lililopauka si maiti bado; maji yakipoa mapema, mimea hurudi. Ama lile kubwa la mviringo lililovunjwa kwa nanga au kwa mguu, hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka.