Kusaidiana Katika Maswali ya Hesabu na Uchumi

Ndugu zetu wanafunzi wa Kisumu na kandokando ya ziwa, wanaojiandaa kwa karatasi ya Elimu ya Biashara ya KCSE, na wale wanaotahiniwa uhasibu na KASNEB, wana desturi njema ya kupelekeana maswali ya mitihani iliyopita: huyu amekwama, yule humjibu. Twaisifu desturi hiyo. Lakini kumjibu mtu si lazima kuwe ni kumsaidia, na wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Natuchukue mfano. Mfanyabiashara wa samaki wa Dunga aanza na mtaji wa shilingi 100,000 taslimu. Anunua injini ya mashua kwa 60,000 taslimu. Kisha achukua samaki wa 30,000 kwa mkopo, awauza wote kwa 45,000 taslimu. Aliyekwama auliza, na mwenzake ampelekea urari uliokwisha tengenezwa: kushoto fedha taslimu 85,000, injini 60,000 na manunuzi 30,000, kulia mtaji 100,000, mdai 30,000 na mauzo 45,000. Kila upande ni 175,000. Muulizaji hunakili, akafurahi, akalala.

Sasa lau angaliiandika injini ile kuwa ni gharama ya matengenezo, je, urari ungalimwonya? Haungalimwonya. Ungalibaki 175,000 kwa 175,000 vilevile, ilhali faida ya 15,000 (kabla ya kukatwa uchakavu wa injini) ingaligeuka hasara ya 45,000. Mtu angaliambiwa biashara yake inakufa nayo ingali hai! Basi mwenye kusaidia asimpe mwenzake urari. Amuulize: “Kitu hiki kitamfaa mwenyewe kwa siku moja, au kwa miaka?” Akisha jibu hilo, ataiweka injini mahali pake kwa mkono wake.

Wala njia hii si ngeni kwetu. Katika darasa za mirathi mwanafunzi huambiwa: mtu amekufa, ameacha mke na mwana mmoja mwanamume. Akisema asli ya masala ni nane, shekhe hamwachi hapo. Humuuliza kwa nini nane na si nne. Asiyejua kwamba mke aliyefiwa na mume mwenye mtoto hupata thumuni, huyo amebahatisha tu.

Katika uchumi hali ni hiyo hiyo. Kila mwaka uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Omena huadimika, bei hupanda, na wanunuzi hununua kidogo. Wengi huandika kwamba mahitaji yamepungua. Sivyo: kilichopungua ni kiasi kinachonunuliwa kwa bei hiyo ya juu, haja ya watu kwa omena ni ileile. Ama mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa letu kwa khofu ya sumu, hapo ndipo mahitaji yenyewe yalipopungua: soko kubwa la mbuta lilifungwa, na bei ya mvuvi ikaanguka. Mwanafunzi akiieleza mifano hii miwili kwa maneno yake, mwacheni; amefahamu.

Lakini msaada una mpaka wake, nao ni mlango wa chumba cha mtihani. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE yalifutwa kwa udanganyifu. Anayepenyeza jibu humo ampa mwenzake cheti kisicho na ilimu, na kesho mwenye cheti hicho ataandika vitabu vya chama cha akiba, au vya msikiti, au vya mali ya mayatima. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni, na ndani yake mwandishi ameamrishwa uadilifu. Ataandikaje kwa uadilifu asiyejua deni huwekwa upande gani?

Haya, tumrudie mfanyabiashara wetu wa Dunga. Amemlipa mdai 12,000, na ametoa 8,000 katika fedha za biashara akamlipia mwanawe karo. Tengenezeni urari mpya, wawili wawili, kila mmoja na daftari lake. Kisha mwulizane: faida ni ileile 15,000, au karo imeipunguza, na kwa nini?