Dondoo muhimu: Karakana ya baiskeli ya jamii Machakos

Anzeni na watu, vifaa baadaye. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Andikeni katiba na kumbukumbu za mkutano, kisha mwende ofisi ya maendeleo ya jamii.

Vifaa vya mwanzo si vingi: spana, pampu, viraka na solusheni, ufunguo wa spoki, beseni la maji. Msikimbilie mashine ya kuchomelea. Fundi wa jua kali jirani anayo.

Kazi yenyewe hasa ni kufungua baiskeli zilizokufa. Black Mamba ya babu, iliyobeba mitungi ya maji miaka mingi, bado ina spoki, golori na pedeli zinazofaa. Zisafisheni kwa mafuta ya taa na mzipange kwenye mikebe. Rimu za inchi 26 msizichanganye na za 28, kwani tairi hazibadilishani. Tyubu iliyooza ikateni blada za kufungia mizigo. Chuma kinachobaki kipimeni kwa mizani yenu, mkamwuzie mnunuzi mwenye leseni, kama Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inavyotaka.

Kila baiskeli inayoletwa iandikwe kwenye daftari: nambari ya fremu na jina la aliyeileta. Msije mkanunua mali ya wizi.

Uma uliopasuka usirudi barabarani kamwe. Kwenye miteremko ya Mua na Iveti, breki ndiyo uhai. Ijaribuni mara mbili kabla mwenyewe hajachukua baiskeli.

Na wasichana wapeni spana tangu siku ya kwanza.