Kung'arisha rangi ya gari kwenye vumbi jekundu la Niania

Wakati wa kiangazi, gari likifika Niania kutoka Mambasa huwezi kujua ni jeupe au la kijivu. Magari yanayokwenda Kisangani, Isiro na Bunia yote hukutana kwenye njia panda yetu, na yote yamepakwa vumbi lilelile jekundu. Mwenyewe anashuka na kusema, "Papa, nipigie polishi kidogo ing'ae." Mimi nachukua ndoo kwanza.

Vumbi hili lina chembe za mchanga mgumu kuliko kioo. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu, unachora rangi. Ile mikwaruzo ya mviringo inayojitokeza jua likipiga kapo ya injini, mingi imeachwa na vitambaa vya waoshaji. Kwa hiyo mwaga maji mengi kuanzia juu, vumbi lishuke lenyewe kabla hujaligusa. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Sabuni iwe ya gari. Ya unga ya kufulia inaondoa nta yote.

Likikauka, vaa mfuko wa plastiki mkononi upapase rangi. Ukisikia inakwaruza, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji ya sabuni. Kipande kikidondoka chini, kitupe.

Hapo ndipo polishi inaingia, na kabla ya yote naijaribu mahali pasipoonekana, kwa kitambaa cheupe, au cheusi gari likiwa jeupe. Kitambaa kikishika rangi ya gari, ujue halina vanishi juu; Land Cruiser nyeupe za zamani nyingi ziko hivyo. Kisiposhika, kuna vanishi, lakini ni nyembamba kuliko unywele, na kila ukipolisha unaipunguza. Mkwaruzo unaonasa ukucha usiufukuze, mwachie fundi wa rangi.

Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Matone manne ya polishi yanatosha eneo la nusu mita kwa nusu mita. Tandaza kwa mashine ya kupolishia kwa mwendo mdogo, ndipo uongeze, ukipita njia zinazopandana bila kukandamiza. Kingo za milango zibandike utepe, maana pale vanishi ni haba na mashine inaiunguza upesi. Anayeanza asishike mashine ya kukatia chuma iliyofungwa sufi, hata akiambiwa inafanya haraka. Inafanya haraka kweli, hata kumaliza rangi.

Kuna wanaopaka mafuta ya mazutu ili gari ling'ae mbele ya mteja. Linang'aa mpaka kilima cha kwanza. Baada ya hapo vumbi lote limeganda juu yake.

Malizia na nta, safu nyembamba sana. Pitisha kidole: kikiteleza bila kuacha ukungu, futa. Siku ya mvua tazama maji juu ya kapo. Yakisimama matone, nta bado ipo. Yakitandaa, paka tena.