Dondoo muhimu: Mchezo wa kubuni, kihambani na mjini

Ukiwa Marangu, Machame au Rombo, vichezeo viko kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Majani makavu ya mgomba hutoa mpira au mwanasesere, na kamba yake iko hapohapo. Mwonyeshe mtoto fundo moja, kisha kaa pembeni. Akikwambia mwanasesere hana kichwa kwa sababu amelala, mkubalie.

Mjini Moshi, panga viti viwiliviwili sebuleni, viwe daladala ya Himo na Marangu. Mtoto awe konda, bibi awe abiria, vizibo vya soda viwe nauli. Gari likipitia Dar es Salaam, usimsahihishe. Muulize tu, "Konda, mimi nashukia wapi?" Swali kama hilo hurefusha mchezo kuliko kichezeo kipya cha dukani.

Jioni msimulie hadithi ya Wachaga kuhusu Kibo na Mawenzi, vilele vya Mlima Kilimanjaro: Mawenzi alikuwa haishi kumwendea Kibo kuomba moto, hadi Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongokachongoka. Kisha mwache aigize, na mwisho aubadilishe akitaka, hata wapatane.

Tahadhari: makopo ya mrututu na dawa nyingine za kahawa kamwe yasiwe vyombo vya kujipikilisha, hata yakioshwa. Punje za maharage na kahawa ziwe mbali na walio chini ya miaka 3. Anayecheza karibu na mfereji awe machoni pa mtu mzima.

Sebule ikivurugika, subiri mchezo uishe ndipo mfagie pamoja.