SOMO LA KUMI NA NNE: FUWELE YA CHUMVI NA FUWELE YA PROTINI

Mwaga punje chache za chumvi juu ya karatasi nyeusi, kisha uzitazame kwa lenzi. Utaona kwamba nyingi zina pande bapa na pembe za mraba, kana kwamba zimechongwa na fundi. Kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu ule ule kila upande huitwa fuwele.

Protini nazo, ambazo zimo katika maharage, nyama na mayai, zaweza kufanya fuwele zikitengwa na kusafishwa vizuri. Fuwele hizo zikipigwa picha kwa eksirei, wataalamu huweza kujua umbo la protini yenyewe. Insulini, dawa wanayochomwa wagonjwa wengi wa kisukari, ni protini. Dorothy Hodgkin wa Uingereza alipiga picha ya eksirei ya fuwele ya insulini mwaka 1935, na umbo lake likajulikana mwaka 1969. Ilikuwa kazi ya miaka 34!

Lakini lipo tatizo. Ili protini ijitenge na maji na kufanya fuwele, mara nyingi hutiwa chumvi ndani ya tone lake. Basi huenda fuwele zitakazotokea zikawa za chumvi hiyo, wala si za protini. Chini ya hadubini zote hung'aa, na zote zina kingo kali. Mtu asiyepima aweza kuitunza fuwele ya chumvi kwa miezi, akidhani amefanikiwa. Je, atazitofautishaje?

Tofauti iko ndani. Chembe za chumvi ya jikoni ni ndogo mno, nazo zimeshikamana kwa nguvu kama matofali ya ukuta. Hazibakizi nafasi ya maji. Chembe za protini ni kubwa zaidi, na maumbo yake yana mabonde na vilima. Zikipangwa huacha nafasi kati yake, kama machungwa yaliyojazwa katika tenga, na nafasi hizo hujaa maji. Mara nyingi karibu nusu ya fuwele ya protini ni maji.

Kwa hiyo mtaalamu huigusa fuwele kwa ncha ya sindano. Ya chumvi ni ngumu, na ikivunjika hualika. Ya protini ni laini. Husagika bila kishindo. Hata hivyo, mwenye fuwele moja tu hathubutu kuivunja! Yeye hutia rangi kidogo ya buluu katika tone. Rangi hupenya katika njia za maji, na fuwele ya protini hugeuka buluu, hali ya chumvi hubaki nyeupe.

Fuwele ya protini ikikauka huharibika. Mwaka 1934, huko Cambridge, J. D. Bernal alichunguza fuwele za pepsini, protini isaidiayo kusaga chakula tumboni. Zilizokauka hazikutoa picha nzuri. Yeye na Hodgkin walipozihifadhi katika maji yake ndani ya kijibomba cha kioo, picha ilijaa madoa mengi. Hata leo eksirei ndiyo hukata shauri: protini hutoa madoa mengi yaliyokaribiana, chumvi hutoa machache yaliyoachana.

Jaribio

Kutengeneza fuwele za protini darasani ni vigumu, lakini za chumvi utaziweza. Mwombe mwalimu akupatie maji ya moto. Koroga chumvi ndani yake mpaka isiyeyuke tena. Yakipoa, mimina maji yaliyo juu katika sahani, uyaache siku chache kivulini. Fuwele zikitokea, tia matone mawili ya wino wa buluu katika maji yaliyobaki. Baada ya saa moja itoe fuwele kubwa, uipanguse kwa kitambaa, kisha uivunje kwa mgongo wa kijiko. Sikiliza. Tazama pia rangi ya ndani.

Maswali

1. Kwa nini wino haukuingia ndani ya fuwele yako?
2. Kwa nini Bernal na Hodgkin hawakuziacha fuwele za pepsini zikauke?
3. Mtaalamu alitayarisha tone la pili lenye vitu vyote vya tone la kwanza, isipokuwa protini. Fuwele za namna moja zikatokea katika matone yote mawili. Je, ni fuwele za nini? Umejuaje?